Namba ya Pili

Wakala alisimama juu ya kitanda cha jirani yake, simu mkono huu, simu mkono ule, akizinyanyua kama mtu anayeanika nguo.

"Hii laini nyekundu humu ndani haishiki kabisa," akasema. "Hata alama moja."

Jirani mwenyewe, fundi cherehani, alikuwa chini amemshika miguu asije akaanguka. Ungewaona ungecheka: wanawake wawili watu wazima, tena wagonjwa, wanawinda mtandao darini. Lakini halikuwa jambo la kucheka. Wote wawili figo zao zilikuwa zimekufa. Waliishi kwa mashine ya kusafishia damu, vitanda vyao kliniki vimepakana kama vyumba vyao vilivyopakana huku nyumbani, na wote walikuwa wakisubiri simu.

Simu hiyo ingetoka hospitali kuu, mji mwingine. Utaratibu wake hauna huruma. Figo ikipatikana haingoji mtu. Wanampigia aliye mbele kwenye foleni, asipopatikana wanampigia anayefuata, na wala hawaombi radhi.

Sasa Fundi alikuwa na laini ya mtandao ghali, ule unaoshika hata ukijificha uvunguni. Ubaya wake ni wa kulipia kila mwezi, na usipolipa wanafunga laini, hata kupigiwa hupigiwi. Na miezi hiyo cherehani ilikuwa inalala zaidi ya kushona. Mikono yake ilivimba, wateja wakaanza kupeleka vitambaa kwingine. Mtandao rahisi, huo mwekundu, unajaza ukipenda, usipopenda basi, hakuna wa kukufungia. Ila kwa nyumba yao iliyozibwa na maghorofa pande zote, ulishika getini tu.

"Kwa hiyo nichague," Fundi akasema. "Kula, au kupigiwa."

Wakala akashuka kitandani, akajifuta jasho. Kazi yake ndiyo hiyo, kutwa yuko kibandani anauza laini na muda wa maongezi, na kampuni ya mtandao ghali inamlipia yake kwa ajili ya uwakala. Wateja walimwamini kwa sababu haoni haya kumwambia mtu asinunue. Akamweleza jirani yake polepole, kama anavyowaeleza wengine, kwamba mtandao si dini, mtu hahami kwa kiapo. Achukue huo rahisi, kinachobaki anunue dawa. Na hospitali awape namba ya Wakala, iwe namba ya pili.

"Mimi sikatiki hata nikiwa bafuni," akasema. "Wakipiga, nakugongea ukuta. Unabeba mkoba, tunaondoka."

Fundi alilia. Alisema ndugu zake wa tumbo moja waliposikia habari ya kupimwa damu ili mmoja atoe figo waliingia mitini, na huyu asiye ndugu ndiye aliyebaki. Kweli akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wakala akamwambia aache upuuzi, pacha hashukuriwi. Ndivyo walivyoitana tangu walipogundua kwamba hata kundi la damu ni moja. Kwenye foleni ya figo waliandikishwa siku moja vilevile, Fundi asubuhi, Wakala mchana, basi Fundi akajipa ukulwa kwa kuwa alitangulia, na mwenzake akawa doto.

Laini ghali ikafungwa, maisha yakaendelea. Kila jioni Wakala akirudi, Fundi aliuliza kupitia ukutani kama wamepiga. Bado, pacha. Haya, iko siku. Mikoba yao ilikaa tayari, kila mmoja wake nyuma ya mlango, na nguo za kulalia na mswaki ndani. Wakala alimpikia mwenzake siku za kutapika, akamkanda miguu, akamfulia mashuka. Alimpenda, na hilo mtu asilitilie shaka.

Hapo katikati mkono wa Wakala ukaanza kukataa sindano za mashine. Daktari akauangalia, akaangalia na ule mwingine, akasema tuombe simu ije mapema. Hayo Wakala hakumwambia pacha wake. Ya nini kumtia hofu bure?

Simu ililia asubuhi, Wakala akiwa bado chumbani anavaa viatu. Sauti ya binti, ngeni, yenye haraka. Walikuwa wanamtafuta fundi cherehani, namba yake ya kwanza haipatikani. Figo ipo na inamfaa. Je, yuko hapo karibu?

Wakala akainua mkono kuuelekea ukuta. Upande wa pili cherehani ilikuwa inakwenda, na Fundi anaimba nayo, kwa maana leo mikono ilikuwa imeamka vizuri.

Mkono ukakaa hewani.

"Kwani hamkupata taarifa?" Wakala akasema, kwa sauti ya chini. "Tulimzika Jumapili."

Binti akampa pole, akasema basi jina la marehemu wanalifuta. Akasoma orodha yake. Kisha akamtajia Wakala jina lake kamili, akauliza kama ndiye anayeongea naye, maana anayefuata ana namba hiyohiyo. Wakala akasema ndiye. Akaambiwa asile kitu, atoke sasa hivi.

Cherehani ikanyamaza.

"Pacha," Fundi akaita kupitia ukutani, "ni wao?"

"Watu wa mtandao," Wakala akajibu, huku akichukua mkoba wake nyuma ya mlango. "Wanatangaza bando."