Sado ya Mlima

Atupokile alikitazama kile kibao mara moja tu, akakisukumiza motoni chini ya sufuria.

"Wifi!" Winfrida aliruka kama aliyekanyaga kaa. "Kibao cha kaka hicho!"

"Ndicho. Kuni zimelowa, nifanyeje?"

Kwa kibao hicho Enosi alifuta sado ya maharage kabla ya kumpa mkewe akapike. Kile kindoo kikijaa kikafanya kilima, yeye hupitisha kibao juu, sriii, kilima chote kikarudi guniani. Hata punje iliyodondoka aliifuata kwa kidole. Na ufunguo wa stoo aliuvaa kiunoni, akalala nao.

Hayo yote Atupokile angeyameza. Lililomkwama kooni ni siku ile watu wa kwao walipopanda na mvua kutoka Masoko kuja kumwona, mama yake mzazi akiwa katikati yao. Enosi alitoa sado moja, ya kufutwa. Wageni wakapokezana sahani. Mama yake akasema ameshiba, hata mikono hajanawa. Mpaka leo huko Masoko, mtu akiona chungu kidogo husema, "Haya, leo tunakula kwa Enosi."

Sasa wa Masoko walikuwa wamekuja tena, wamejaa uani pamoja na majirani. Atupokile aliapa: hataondoka mtu hapa bila kulegeza kanga au mkanda. Na watakula maharage ya Enosi, Enosi mwenyewe akiwa humo ndani.

Ufunguo alikuwa ameshaufungua kiunoni mwa mumewe, taratibu, kwa mkono wake mwenyewe. Enosi hakushtuka.

Ikabaki hesabu. Lusungu, binti wa jirani anayepika kwenye shughuli za watu mjini Tukuyu, alizoea kupima kwa kilo, na mizani yake ilikuwa imeishiwa betri.

"Bibi, kwa watu hawa nataka kilo thelathini. Sado yenu inaingia kilo ngapi?" alimwuliza Atupokile.

"Ya kufutwa, tatu na kitu. Ya mlima inagusa nne. Lakini haya ya njano ni manene, mjukuu wangu, yanaacha matundu katikati. Yale madogo mekundu ndiyo yanayolala vizuri. Sado ni ileile, ila uinyanyue uone."

"Basi kumi za kufutwa zinatosha."

"Kumi za mlima," alisema Atupokile. "Na yale mekundu."

Winfrida alishika kiuno. "Mekundu ni mbegu, wifi! Kaka aliyatenga ya kupanda."

"Yatapandwa matumboni."

"Kaka yumo humo ndani, nawe unasema maneno hayo!"

"Najua alipo. Mwache asikie."

Akachota. Kila sado aliitikisa mpaka maharage yakashuka, akaongeza, akaongeza tena, mpaka punje zikaanza kuteremka zenyewe pembeni. Zilizoanguka hakuziokota. Kuku walizimaliza. Maharage yalipoiva, Lusungu akayaunga kwa vitunguu, na harufu ikapanda moja kwa moja hadi dirisha la sebule. Atupokile alilitazama dirisha hilo, akatabasamu kidogo, meno hayakuonekana.

Watu walikula. Mjomba Lukasi, mmoja wa wale waliopokezana sahani siku ile, alirudia, kisha akarudia tena huku akijifanya anamchotea mkewe.

"Ndaga fijo, mwanangu," alishukuru, akifungua kifungo cha suruali. "Lakini mwenyewe akitoka akayaona masufuria haya?"

"Atoke tu, mjomba. Nataka apite papa hapa katikati."

Kina mama walicheka hadi wakajifunika midomo kwa kanga. Watoto walikuwa wamelala juu ya majani ya migomba, matumbo wazi. Sahani zilibaki na chakula, na hakuna aliyekigusa.

Atupokile alinawa mikono, akajifunga kanga vizuri, akasimama akiuelekea mlango wa mbele.

Mlango ukafunguliwa. Wanaume wakavua kofia. Enosi akatoka, miguu mbele, ndani ya sanduku la mninga, mabegani mwa vijana wa kanisa.