Mpaka Tufunge

Wakati wa mapumziko, mwenyekiti wa timu ya nyumbani aliingia chumba cha waamuzi bila hodi.

"Usipulize filimbi ya mwisho mpaka tufunge," alimwambia refa Matimbwa. "Ukipuliza, hutachezesha tena mji huu."

Miaka yote Matimbwa alikuwa akiyameza maneno ya namna hii. Leo yalimkwama kooni.

Muda uliisha, hakupuliza. Jua likazama. Wachezaji walitembea badala ya kukimbia, na mashabiki wakaanza kuondoka. Mwenyekiti alikuja mbio hadi kwenye mstari wa chaki pembeni mwa uwanja.

"Maliza basi, refa. Watu wamechoka."

"Mmefunga?"

"Mpira wenyewe hatuuoni."

"Utafuteni," alisema Matimbwa, filimbi ameifumbata ngumini.

Gizani mtu alipiga shuti, na hakuna aliyejua limeelekea lango la nani.