Pikipiki Isiyo na Magurudumu

Lori lilipoishusha pale Shelui, madereva waliokuwa wakinywa chai waliacha vikombe mezani wakasogea kutazama. Kiti kilikuwa kimechanika, ubavuni kulikuwa na ufa, na hakuna aliyeelewa pikipiki ya majini ilifuata nini kwenye mji wa vumbi.

"Magurudumu yamebaki Mwanza?" Gervas aliuliza, na watu wakacheka.

"Huko nitakakokufukuzia hayahitajiki," Peniel alimjibu, huku akikaza kamba kwenye tela.

Wakacheka zaidi, isipokuwa Gervas.

Gervas alikuwa mvuvi wa Ziwa Kitangiri, na karibu kila mtu alimshuku. Kwa muda mrefu kulikuwa na mtu anayevuta kokoro ziwani, ule wavu uliokatazwa, wenye matundu madogo unaozoa hadi vifaranga vya perege. Serikali ilikuwa imekwisha kuonya: mwenye kokoro asipopatikana kabla ya mvua, ziwa litafungwa kwa wote. Kijiji kizima kilikula kutoka ziwa hilo. Kikundi cha ulinzi kilikuwa na mitumbwi ya kasia, na mwizi alikuwa na mtumbwi wa injini.

Peniel, aliyerudi nyumbani na shahada yake na kuchaguliwa kuongoza kikundi hicho, aliuza ng'ombe alioachiwa na bibi yake. Walimwambia ni wazimu. Walimwambia msichana wa umri wake angenunua cherehani. Kwenye mkutano wa kijiji alisimama akasema, "Nikimkamata, nitampeleka ofisi ya uvuvi mimi mwenyewe. Awe nani, awe wa nani."

Aliyeanza kupiga makofi ni baba yake.

Mzee Manase hakuwa mtu wa ziwani. Alikuwa mgane na mkulima wa vitunguu, na shamba lake dogo ndilo lililomfikisha Peniel chuo kikuu, hata ile miaka ya ukame ambayo majirani walivuna vumbi. Shamba la Manase lina baraka, watu walisema.

Ile pikipiki ilikuwa na maradhi ya uzee. Peniel aliziba ufa kwa faiba, akabadilisha plagi, akashona kiti kwa uzi wa magunia. Injini yake ilinyonya maji kwa chini na kuyarusha kwa nyuma, na ndiyo yaliyoisukuma. Kwa hiyo kila kilichoelea kiliingia humo: majani, matope, vipande vya nyavu. Kila jioni ilibidi kuilaza kwenye magunia, kuisafisha tumbo na kuisuuza kwa maji ya kisima. Majirani waliokuwa wakipanga foleni ya maji waliguna. Mmoja aliuliza kama chombo hicho pia hunywa uji.

Baba yake hakuguna. Alikaa naye jioni zote, ameshika ndoo. Siku moja kamba ya wavu ilijisokota kwenye pangaboi la injini, Peniel akaenda kutafuta kisu. Aliporudi, mzee alikuwa ameshaitoa nzima, fundo baada ya fundo, kwa vidole tu.

"Kumbe vitunguu vinafundisha mengi," Peniel alimtania.

"Kesho unakwenda upande gani?" aliuliza mzee, kama alivyouliza kila jioni. Alitaka kujua pa kumtafuta akichelewa.

Peniel alimwambia. Hakumwambia mtu mwingine, hata wenzake wa kikundi, kwa sababu kila alipokwenda mashariki kokoro lilivutwa magharibi, na alipokwenda magharibi lilivutwa mashariki. Mtu alikuwa akivujisha. Na kila asubuhi, alipokuwa akiisukuma pikipiki majini, Gervas alikuwa amesimama ufukweni na simu mkononi, akimtazama anakoelekea.

Mawingu ya mvua yalianza kukusanyika. Ofisini walimwambia hawataongeza muda. Gervas alimshauri auze ile takataka kabla haijaota kutu, akajibiwa kwamba itaota kutu siku atakayolala yeye rumande.

Asubuhi iliyofuata Peniel aliamka akakuta baba yake ameshakwenda shambani, na jembe halipo. Hakupata hata nafasi ya kumsalimia. Ufukweni, Gervas aliinua simu.

"Leo wapi, dereva?"

Peniel alifunga kamba ya kuzimia injini kwenye kifundo cha mkono, akaelekea magharibi kama alivyopanga. Lakini hakufika mbali. Upepo wa usiku ulikuwa umesukuma majani yote upande huo. Injini ilinyonya, ikakohoa, ikaanza kuchemka. Aliingiza mkono chini ya maji, akang'oa alichoweza. Mbele kulikuwa na majani matupu. Kurudi ufukweni, Gervas akimtazama, hakutaka. Akageuza kuelekea maji safi ya mashariki.

Aliwaona kwenye ukungu, karibu na matete. Mtumbwi wa injini, watu watatu, kokoro likivutwa limejaa vifaranga vinavyometameta. Walisikia mngurumo wamechelewa. Wawili waliruka, wakapotelea kwenye matete. Wa tatu alibaki amempa mgongo, kofia imeshuka hadi masikioni, akihangaika kufungua kamba ya wavu ili kokoro lizame na ushahidi.

Aliifungua fundo baada ya fundo, kwa vidole tu. Chini ya miguu yake, ndani ya mtumbwi, lilikuwapo jembe.

Peniel alivuta kamba ya mkononi, injini ikanyamaza. Akanyoosha mkono, akaikamata kamba ya kokoro, akaizungusha mara mbili kwenye usukani wa pikipiki yake, akaikaza.

"Shikamoo, baba," alisema.