Ukuta Ulioombwa

Pigo la kwanza halikuutikisa ukuta. Mshonaji alirudisha nyundo nyuma, akapiga tena, na vumbi la saruji likamrukia usoni.

"Taratibu, shemeji," alisema mdogo wa mumewe, fundi bomba, aliyekuja na mtaimbo wake. "Utaumia mgongo."

"Aliyeumia keshazikwa."

Siku kumi zilikuwa zimepita tangu mumewe afie kwenye teksi. Zahanati ilikuwa nyuma ya ukuta huu huu, hatua mia mbili kutoka kitandani kwake. Ukitulia ungewasikia wauguzi wakiita majina ya wagonjwa. Lakini teksi ilibidi itoke mpaka barabara kuu, ijipange kwenye foleni, izunguke, ndipo iingie mtaa wa pili kupitia geti lake: kilomita tisa. Alikata roho kwenye ya sita, kichwa kikiwa mapajani mwa mkewe.

Mshonaji alipoolewa mtaani hapa, vichochoro vitano vilikwenda upande wa pili. Kisha mji ukatanuka. Viwanja vikapimwa upya, mitaa ikaongezeka huko nje hadi ikawa hujui mji unaishia wapi, na kila mtaa mpya ulizaliwa na mdomo mmoja tu, unaotazama barabara kuu. Kichochoro cha mwisho kilizibwa mwaka jana.

Matanga yalipoisha alikwenda ofisi ya mipango miji. Walimpiga danadana siku tatu, mpaka ofisa mmoja akamwambia bila kuinua macho, "Wenzenu wa upande wa pili ndio walioomba ukuta. Hawataki mpite kwao. Mimi ningefanyaje?"

"Nionyeshe hiyo barua yao."

"Nyaraka za ofisi hazionyeshwi kwa kila mtu, mama."

Damu ilimchemka tangu saa ile. Watu wale walikuwa wateja wake. Shule iko upande huu, na kila mwaka walimletea watoto awashonee sare. Amewapima mabega, amewakunjulia pindo walipokua. Hao hao ndio wamfungie mumewe njia ya daktari.

Alipiga mpaka viganja vikachubuka. Fundi bomba akamshika mkono.

"Hebu sikiliza."

Upande wa pili palisikika vishindo, vizito, vikifuatana.

"Wanaongeza matofali," mshonaji alisema, akauma meno. "Nipe huo mtaimbo."

Tofali moja lilichomoka, kisha matatu kwa mpigo. Kwenye tundu ukatokea uso wa mwanamume uliojaa vumbi, macho mekundu, sururu mkononi. Mshonaji alifungua kinywa amtukane, lakini mwanamume akamtangulia.

"Binti yangu amegongwa huko barabara kuu, akizunguka kuja shule huku kwenu," alisema kwa hasira. "Tuliwakosea nini hata mkaenda kuomba ukuta huu?"