Kaya ya Mtu Mmoja

"Shikamoo," Vumilia alisema kwa mara ya pili.

Bi. Milembe hakuitika. Aligeuza uso, akatema mate kando ya kigoda chake, kisha akamtazama Mayala peke yake.

"Mwenyekiti, mwambie mgeni wako aseme kilichomleta."

Mayala aliona aibu. Alikuwa na mwaka mmoja tu tangu ahamie kitongoji hiki cha nje ya Maganzo na kuchaguliwa kuwa mwenyekiti wake, lakini hakuwahi kumwona bibi huyu akimnyima mtu marahaba. Hata hivyo hakumlaumu. Habari zilikuwa zimewatangulia. Tangu asubuhi, dada huyu mhakiki kutoka wilayani alikuwa ameshazikata kaya mbili kwenye orodha ya mahindi ya msaada, moja kwa ajili ya bati jipya, nyingine kwa kuwa kijana wa nyumba ile alipata kazi ya ulinzi Mwadui. Kanuni ya mradi haikuwa na mjadala: kaya yenye mtoto anayelipwa mshahara hailishwi na mradi. Mtoto huyo ndiye atakayeandikwa, na ndiye atakayeilisha.

"Ni uhakiki tu, mayu, mama yangu," Mayala alisema kwa upole. "Atauliza machache, ataangalia ndani, basi."

"Aangalie. Njaa haina pa kujificha."

Vumilia hakungoja kuonyeshwa njia. Alizunguka nyuma ya nyumba hadi kwenye kihenge, akainua kifuniko. Hata punje hamna. Akaingia jikoni, akiinama chini ya boriti ambayo Mayala, aliyemfuata, aliigonga kwa paji la uso. Akapitisha mkono juu ya ukuta, chini ya nyasi za paa, akatoa kibuyu. Ndani yake mlikuwa na michembe ya viazi vikavu iliyoota ukungu, haijai viganja viwili.

Mayala alijishika paji la uso, akamchukia zaidi. Watu hawa wana pua za mbwa, alijisemea. Hata akiba ya mwisho ya mjane wanajua ilikofichwa.

Walirudi uani. Vumilia akafungua fomu.

"Mara ya mwisho umekula ugali lini?"

"Mwambie nimesahau."

"Wiki hii umelala na njaa siku ngapi?"

"Mwambie ahesabu mbavu zangu, jibu atalipata."

Vumilia aliandika bila kuinua kichwa. Kisha kalamu ikasimama.

"Una watoto?"

Bi. Milembe aliikaza mikono juu ya fimbo yake. "Nilikuwa naye mmoja. Nilimzika."

"Kaburi lake liko wapi?"

Mayala aliichungulia fomu. Kaya kumi na nne walizopita, hakuna aliyeulizwa swali la namna hiyo.

"Dada, hilo halimo kwenye fomu."

"Nimemuuliza yeye. La mumewe lile pale chini ya minyaa, limejengewa. La mtoto silioni."

Bibi aliinuka. "Mwambie kwamba huyo mtoto aliondoka hapa na mchimbaji wa dhahabu wa Geita, baba yake akiwa kitandani hawezi hata kujigeuza. Nikatuma watu mara mbili. Hakuja. Siku niliyomfukia mume wangu nilimfukia na yeye humu." Alijipiga kifuani. "Kama kuna mtu amebaki huko duniani, si wangu."

"Yu hai," Vumilia alisema. "Ana ajira, analipwa kila mwezi. Kaya hii haistahili msaada."

Akapiga mstari juu ya jina la bibi.

"Nani kakwambia?" Mayala alipaza sauti, akasahau kwamba yeye ni kiongozi. "Mimi hapa sijaona hata salamu kutoka kwa huyo mtoto! Sisi tuliambiwa anakuja mhakiki anayeitwa Enock, mtu mwenye utu. Wewe umetokea wapi?"

"Nilimwomba Enock tubadilishane vijiji."

"Ili uje uue wazee?"

Vumilia aliendelea kuandika, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipomaliza alimsogezea Mayala fomu na kalamu.

"Weka sahihi, mwenyekiti."

"Siweki! Mtu anakula michembe iliyooza, unamkata kwa ajili ya mtoto ambaye hata kiberiti hajamletea! Nikiweka sahihi hapa, siku tutakayomzika nitasimama wapi?"

"Weka, mwanangu," Bi. Milembe alisema. Kwa mara ya kwanza macho yake yalikuwa juu ya Vumilia, makavu, bila kupepesa. "Mwache aende na mahindi yake. Bora nife na njaa yangu kuliko kula kitu kilichopita kwenye mikono ile."

Vumilia aliusogeza mbele zaidi mkono wenye karatasi.

"Soma kwanza, mwenyekiti," alisema. "Ukiona nimeandika uongo, ichane."

Mayala aliipokonya, vidole vyake vikiwa tayari kuichana. Chini ya jina lililokatwa, kwenye nafasi ya mtoto atakayeilisha kaya, wino ulikuwa haujakauka: *Vumilia. Binti. Kuanzia leo.*