Kahawa ya Fundi

Diski mpya ilikataa kwa mara nyingine, na kahawa ya fundi ilikuwa bado haijaguswa.

Abu Mutlaq aliyaona yote mawili, ila kilichomnyima raha ni kikombe. Diski ni chuma. Ikikataa leo itakubali kesho. Lakini kwao Salt, mji wa Yordani, mgeni akipewa kahawa akaiweka chini bila kuionja, ana ombi kwa mwenye nyumba, wala hainywi mpaka aambiwe ombi lake limekubaliwa. Na ombi la kijana mwenye shati lililopigwa pasi, katika nyumba yenye binti, halihitaji mpiga ramli.

Hata hivyo hakutaka kumhukumu mtu kwa kikombe kimoja. Huenda mikono ya kijana ilikuwa na kazi tu.

"Mashine bado haiioni diski," alisema Nidhal, akiwa amepiga magoti mbele ya kompyuta iliyofunuliwa ubavu. "Tuanze na dogo. Nabadilisha waya. Ikiwa si waya, ni tundu lake. Kimoja kimoja, ami, ndivyo ugonjwa unavyojulikana."

Abu Mutlaq aliupenda utaratibu huo, naye akaufuata kimyakimya. Alimpa maji, kijana akanywa. Akamsogezea tende, akala. Akamwita binti yake, Rudaina, aondoe kikombe kilichopoa na kuleta cha moto. Rudaina alileta, akakiweka, akatoka. Nidhal alishukuru macho yakiwa chini, kisha akakisogeza kikombe kando polepole, kama mtu anayesogeza yai.

Basi haikuwa mikono.

Rudaina alikwisha kukataa wachumba wawili, mmoja wao kwa sababu alicheka kama mbuzi. Hakuwa binti wa kutolewa kwa kubahatisha. Na neno la Abu Mutlaq likishatoka mbele ya shahidi, halirudi.

Kwenye kochi, mama yake Abu Mutlaq, Hajja Wadha, alikuwa akivuta tasbihi. Kompyuta ilikuwa yake. Kila jioni alicheza humo mchezo wa dadu na mpinzani aliyemwita "yule mwizi", na tangu diski ya zamani ife hakuwa na furaha. Leo, lakini, alikuwa amevaa thobi ya tarizi, ile ya sikukuu, na macho yalikuwa na wanja.

"Mama, una safari?"

"Niende wapi na miguu hii? Mgeni akija, mtu huvaa." Akamgeukia fundi. "Babu yako hajambo?"

"Hajambo, bibi. Duka ni lake, angekuja mwenyewe. Ila goti lake na ngazi zenu hazipatani."

Simu ya Nidhal ikaita. "Ndiyo, babu. Bado. Bado haijakubali. Babu, hata ukipiga mara mia haitakubali kwa ajili ya simu." Akakata, akaona haya. "Ana haraka sana."

Kosa lilikuwa la waya. Diski ikaonekana, mfumo ukaanza kupakiwa, mstari wa kijani ukatambaa hadi mwisho. Mashine ilipokaribia kujizima na kujiwasha, Nidhal alichomoa flashi yenye mfumo, akaiweka mezani, akaenda kunawa mikono. Aliporudi, kompyuta ilikuwa inamuuliza upya, kama mtu aliyepoteza kumbukumbu, angependa lugha gani.

Flashi ilikuwa imerudi ndani.

"Niliiona imelala mezani," alisema Hajja Wadha, "nikairudisha kwake."

"Bibi, ikiwa humo mashine inaanza safari upya."

"Basi ianze. Unakimbilia wapi? Hata kahawa hujanywa."

Abu Mutlaq alishtuka. Kumbe hata mama ameona. Akatoka kimya, akamwita kaka yake, Abu Fawaz, aliyekaa nyumba ya chini. Wakanong'ona mlangoni.

"Anavuta sigara?" aliuliza Abu Fawaz.

"Sijamwona."

"Hasira je?"

"Diski imemkataa tangu asubuhi. Alipoishinda, mama akamrudisha mwanzo wa njia. Hajainua sauti."

"Mpe. Mimi ningekuwa nimeshaitupa dirishani."

Bado Abu Mutlaq hakutosheka. Alipita jikoni. "Huyu fundi, mwanangu, unamwonaje?"

Rudaina aliendelea kusuuza vikombe vilivyokuwa safi. "Ana subira," alisema.

Kwa Rudaina, huo ulikuwa wimbo mzima.

Ndugu hao wawili waliporudi sebuleni, mfumo ulikuwa umekaa. Skrini ilikuwa imetulia, na ule mchezo wa dadu ulikuwa umerudishwa kabla ya kitu kingine chochote. Nidhal alikuwa amekwisha kufunga ubavu wa kompyuta na kukunja nyaya zake. Lakini hakuinuka aende. Aliketi mbele ya kikombe, mikono juu ya magoti, jasho likimtoka kuliko wakati wa kazi.

Abu Mutlaq alimtazama kaka yake. Abu Fawaz akaitikia kwa kichwa.

"Kunywa kahawa yako, mwanangu," alisema Abu Mutlaq, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. "Ulichokuja kukiomba, umepewa."

Nidhal alishusha pumzi, akakimaliza kikombe kwa funda moja.

"Mungu akutunze, ami. Leo babu atalala usingizi," alisema, akitafuta simu yake. "Anaomba tu arusi iwe kabla ya baridi. Na Hajja asiwe na wasiwasi, nyumba ya babu haina hata ngazi moja."

Kwenye kochi, Hajja Wadha aliiweka tasbihi chini, na kabla wanawe hawajafumba midomo, akajipigia vigelegele mwenyewe.