Vifungo Mia

Nilimwaga kopo la vifungo vya mama juu ya meza ya cherehani, nikahesabu mia: kumi na kimoja vyeupe, vilivyobaki vyeusi. Hospitalini ndivyo ninavyowaeleza jamaa za wagonjwa matokeo ya modeli ya takwimu, yaani makadirio ya kompyuta, ila kule natumia vitone kwenye karatasi, na mgonjwa si baba yangu.

"Hawa ni wagonjwa mia wenye hali kama ya baba," nikasema. "Vyeupe ni wale watakaoumaliza mwaka."

Mama alivitazama kwa jicho la fundi, kichwa upande, kama anayepima bega la mteja.

"Baba yako ni kipi?"

"Kompyuta haijui, mama. Inajua habari za watu mia. Ya mmoja haiijui."

"Basi haijui ubishi wa mzee wangu."

Tukacheka, Mungu atusamehe.

Kidole chake kikapita juu ya vile vyeupe, kimoja baada ya kingine. Chagua, mama, nikasema moyoni. Chagua chochote, leo sitakusahihisha.

Kidole kikahamia kwenye vyeusi. Akaokota kimoja kikubwa chenye matundu manne, akakifuta kwa upindo wa gauni lake.

"Koti lake la harusi limedondoka kifungo," alisema. "Sitaki watu waje kumuaga likiwa wazi."

Akanisogezea sindano na uzi mweusi.

"Nitungie, mwanangu. Miaka arobaini nashona, leo tundu silioni."